Nilinunua meno ya barafu kabla ya buti, yakaniumbua Moshi!

Kama wiki yako haikwenda poa vuta kiti ukae, maana ya kwangu leo yatakufanya usahau ya kwako. Niliahidi siku nyingi kuwasimulia safari ya Kilimanjaro niliyokwenda Desemba iliyopita na washikaji wa mtaani. Tangu nirudi, kila nikipita kijiweni swali ni moja tu: "Vipi kaka, ulifika Uhuru?" Nimekuwa nalikwepa kama mtu anavyomkwepa mwenye nyumba tarehe mosi. Leo nalijibu. Ila kwanza sikilizeni kisa cha kramponi.

Kramponi ndiyo nini? Usione haya kuuliza, hata mimi nimeijua ukubwani. Ni fremu ya chuma yenye meno makali, unaifunga chini ya buti ili utembee kwenye barafu bila kuteleza. Wenzetu wa Ulaya wanaopenda kutembea milimani majira ya baridi wananunua kitu hiki kama sisi tunavyonunua mwavuli wa masika. Huku uswahilini barafu tunayoijua ni ile ya kwenye friji. Lakini kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu, na mawingu yanayotulowesha sisi huku chini wakati wa vuli na masika, kule juu yanamwaga theluji. Theluji hiyo ikikanyagwa na watu, ikayeyuka kidogo mchana na kuganda tena usiku, inakuwa kioo. Hapo ndipo meno yanapotakiwa.

Basi bwana, miezi miwili kabla ya safari nilikuwa napita kwenye soko moja la mitumba hapa Dar, natafuta buti. Mfukoni nilikuwa na Sh. 60,000/= nilizozibana kwa taabu. Katikati ya lundo la mabegi nikaona kitu kinang'aa. Muuzaji mwenyewe hakujua anachouza, akaniambia eti ni mtego wa panya buku! Mimi nikajua mara moja, nilikuwa nimeshaviona kwenye simu. Meno 12, mawili yametokeza mbele kama ya ngiri. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Tukapatana, nikatoa pesa zote. Za buti zikaishia hapo.

Jioni ile nilitesa kijiweni, wacha kabisa. Picha nikapiga, status nikaweka. Washikaji wakanibatiza jina, "Meno". Buti je? Nilikuwa na raba zangu ngumu ngumu za zamani, nikasema zitatosha. Cha muhimu chuma.

Kwenye msafara alikuwemo mdogo wangu, ndiyo kwanza kamaliza Form Four. Mama alimruhusu kwa sharti moja. "Unamchukua mzima, umrudishe mzima." Nikamjibu asiwe na shaka, vyuma tunavyo. Na mpango wangu, tafadhali usicheke, ulikuwa tugawane ile jozi. Mimi nivae mguu wa kulia, dogo avae wa kushoto.

TEKE MOJA TU

Kilimanjaro hupandi kienyeji. Sheria ya hifadhi inataka uwe na mwongozaji mwenye leseni. Wa kwetu alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa kulekule, aliyeanza kazi kwa kubeba mizigo ya wageni akiwa na umri kama wangu. Usiku wa kuamkia safari alitufuata gesti tuliyofikia pale Moshi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hebu mwageni kila kitu sakafuni nikione."

Wenzangu wakatoa masweta na glovu zao. Mimi nikasubiri niwe wa mwisho, kisha nikazitoa kramponi taratibu kama mchawi wa sarakasi. Nilitegemea mzee atoe macho. Wala.

"Vaa," akaniambia.

Nikavaa raba, nikafunga vile vyuma kwa jinsi nilivyoona kwenye simu.

"Simama. Piga teke hewani."

Msomaji wangu, nilipiga teke moja tu. Kramponi ilichomoka mguuni, ikapaa, ikatua kwenye sinia la vikombe vya chai, kwaa! Washikaji walicheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia. Dogo alikaa chini kwa kicheko. Mzee peke yake hakucheka.

"Hapa uliposimama ni sakafu," akasema. "Kule juu ni mteremko. Chuma kikikutoka, na wewe unakifuata."

Kimya kikatanda. Akaichukua ile raba yangu akaikunja kwa mikono miwili kama chapati. Kisha akaniuliza swali ambalo muuzaji wa mitumba hakuniuliza na mimi sikujiuliza: "Ulinunua meno kabla ya buti?"

BUTI KWANZA

Hapo ndipo shule ilipoanza, na mengine nimeyasoma mwenyewe baada ya kurudi. Kramponi ni chuma kisichopinda sana. Buti yako ikiwa laini, kila hatua soli inapinda na chuma hakipindi. Vikishagombana hivyo, moja kati ya mawili hutokea. Chuma kinachomoka kama changu, au kinakatika pale katikati. Ndiyo maana buti ndiyo bosi, kramponi ni mfanyakazi wake.

Waingereza wameirahisishia watu kwa herufi. Buti wanazipa B na kramponi wanazipa C. B0 ni buti laini ya kutembelea kawaida, hiyo haifungwi kramponi kabisa. B1 ni ngumu kiasi, B2 ni ngumu zaidi, na B3 soli yake ni kama ubao. Kramponi nazo ni C1, C2 na C3. Kanuni yake hata mtoto anaielewa, yaani namba ya kramponi isizidi namba ya buti. B1 unafunga C1 tu. B2 unafunga C1 au C2. B3 unafunga yoyote.

Kinachozitofautisha hasa ni namna zinavyokamata mguu. C1 ina vikombe vya plastiki mbele na nyuma, pamoja na mikanda ya kukaza. Hii haihitaji buti iwe na alama yoyote maalumu. C2 mbele ina kikombe vilevile, lakini nyuma ina kibano cha kubana kisigino kwa nguvu, kwa hiyo buti lazima iwe na mfereji kwenye soli nyuma ili kibano kipate pa kukamatia. C3 inabana nyuma kwa kibano na mbele kwa waya, na inataka mifereji pande zote mbili. Hiyo ni ya watu wanaopanda kuta za barafu, siyo mimi na wewe.

Zangu zilikuwa C2. Mzee akaigeuza raba yangu, akapitisha kidole gumba nyuma ya kisigino. "Pa kukamatia pako wapi?" Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimenunua kufuli la mlango usio na kitasa.

MENO MANGAPI?

Watu wengi, kama mimi, tunahesabu meno. Tunadhani mengi ndiyo mazuri. Kumbe meno yana historia yake. Mwaka 1908 injinia mmoja Mwingereza, Oscar Eckenstein, alibuni kramponi ya meno 10, na fundi chuma Henry Grivel wa kule Courmayeur, Italia, akazifua. Meno yote yalitazama chini. Mwaka 1929 Laurent Grivel akaongeza mawili ya mbele, yakawa 12. Faida yake ilionekana mwaka 1938, ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger kule Uswisi ulipopandwa kwa mara ya kwanza. Anderl Heckmair na Ludwig Vörg walikuwa na meno 12, wakawakuta wenzao wawili waliowatangulia kwa siku nzima. Mmoja wa wale wawili, Heinrich Harrer, hakuwa na kramponi kabisa! Wote wanne walifika juu wakiwa pamoja.

Ila soma vizuri. Yale mawili ya mbele ni ya kupigia ukuta. Kwa anayeanza, anayetembea tu kwenye mteremko wa theluji, meno 10 yanamtosha, na yale marefu ya mbele yanaweza kumkwaza akajikanyaga mwenyewe. Ya 12 siyo dhambi, maana kramponi nyingi za kutembelea zinakuja hivyo, lakini usilipe zaidi kwa sababu ya kutisha.

Halafu tazama chuma chenyewe. Kuna za chuma cha pua na kuna za alumini. Alumini ni nyepesi, ukiibeba unaisahau, lakini ukikanyaga mawe inaisha makali upesi. Milima mingi ina mawe yaliyochanganyika na barafu, kwa hiyo jozi ya kwanza iwe chuma cha pua. Kitu kingine ni kile kipande cha plastiki au mpira kinachokaa chini kati ya meno. Mimi nilidhani ni urembo. Kazi yake ni kuzuia theluji mbichi isigandamane chini ya mguu. Ikigandamana unakuwa umesimama juu ya donge, meno yako hayagusi chini, na kumbe wewe unajiamini. Zangu hazikuwa nacho. Nadhani mwenyewe alikichomoa akabaki nacho Ulaya.

"HUZIHITAJI"

Baada ya somo lote hilo mzee akanimaliza kwa neno moja. Njia yetu haihitaji kramponi.

Akaeleza kwamba Kilimanjaro siku nyingi unafika juu kwa buti na fimbo tu. Zamani ilikuwa mambo mengine. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 walikata ngazi kwenye barafu kwa shoka. Lakini barafu imekwisha sana, kati ya 1912 na 2007 karibu asilimia 85 ilipotea. Njia za kawaida sasa zinapita kwenye kokoto na mawe. Kramponi zenyewe ni za wale wanaokwenda kupanda kwenye barafu iliyobaki. Sisi wa njia ya kawaida, theluji ikianguka, kinachotufaa ni spaiki za mpira. Huo ni mpira unaovuta juu ya buti kama soksi, chini una minyororo yenye meno mafupi ya kama sentimita moja. Zinakaa hata kwenye buti laini. Kwenye mteremko mkali hazifai, lakini kwenye njia iliyoganda zinakushika vizuri.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya gari kuondoka, tukaenda kukodi. Mzee alinilazimisha nikodi na buti, pesa za dharura zikaanza kulia. Kwenye spaiki kulikuwa na bei mbili. Mpya mpya zilikuwa Sh. 15,000/=, na zilizotumika sana Sh. 8,000/=. Nikachukua moja ya kila bei.

Sasa msomaji wangu, hapa ndipo penye aibu yangu, siyo kwenye lile teke. Ile ya 8,000 niliiona ina ufa kwenye mpira, karibu na pete ya mnyororo. Niliuona. Mzee alikuwa nje anapakia mizigo. Nzuri nikaitia kwenye begi langu, mbovu nikampa dogo. Nikajiambia yeye ni mwepesi, itamfaa.

USIKU WA KILELE

Kambi ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Machame inaitwa Barafu, na jina lake ni haki yake. Tuliondoka saa sita usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Watanzania wengi hupenda tarehe hiyo, maana usiku kama huo mwaka 1961 Alexander Nyirenda alisimamisha bendera yetu na Mwenge pale juu. Siku mbili kabla ilikuwa imeanguka theluji. Tulipanda hatua kwa hatua, taa kichwani, pumzi inaishia puani. Sitawadanganya, nililia kidogo.

Kunapambazuka tukafika Stella Point, ukingoni mwa kreta. Toka pale mpaka Uhuru ni kama saa moja tu, lakini njia ilikuwa imekanyagwa na kuganda, inang'aa kama sahani. Mzee akasema, "Vaeni meno." Tukavaa. Nilisikia jinsi zilivyokamata, kra, kra, kra, raha mustarehe. Nikaanza hata kutabasamu.

Hatukufika mbali. Nikasikia sauti ya dogo nyuma yangu, fupi, "Kaka!" Kugeuka, yuko chini, anateleza kwa ubavu kuelekea mteremkoni. Mwongozaji msaidizi alimdaka kwa mkanda wa begi. Aliteleza kama urefu wa watu wawili, basi. Lakini mimi mpaka leo nikifumba macho naona anaendelea kwenda.

Mzee akamwinua mguu. Mpira ulikuwa umechanika palepale penye ufa, mnyororo unaning'inia.

"Nani alichagua hii?"

Upepo tu ulikuwa unavuma. Dogo akanitazama, wala hakusema kitu. Nadhani alikuwa ameshaelewa.

"Mimi," nikasema.

Mzee hakugomba. Hakuwa na jozi nyingine, na zake asingeweza kuvua, maana mwongozaji asiye na meno hawezi kumshika mtu. Akasema tu kwamba asiye na meno mazima anarudi, na msaidizi atashuka naye. Kisha akatutazama wote wawili, akasubiri.

Nikakaa kwenye jiwe nikavua zangu. Vidole havishiki, dogo anasema kaka acha, mimi navuta tu mpira. Miguu yetu ni namba moja. Nilimvalisha mwenyewe, nikavuta kila upande, nikamwambia apige teke. Akapiga. Hazikutoka.

Kwa hiyo jibu la kijiweni ni hili: mimi sikufika Uhuru. Niliishia Stella Point, nikashuka nimeshikwa mkono na msaidizi kama bibi harusi. Mdogo wangu alifika. Picha yake mama ameitundika sebuleni, na kila mgeni akija lazima aonyeshwe.

KABLA HUJATOA PESA

Haya, isiwe nimeumbuka bure. Wewe unayewaza safari ya mlimani, au una ndugu yuko Ulaya au Marekani anataka kuanza kutembea kwenye theluji, mpelekee haya:

Nunua buti kwanza. Ikunje kwa mikono. Ikikunjika kirahisi, kramponi sahau, tafuta spaiki za mpira.

Ukienda kununua kramponi, nenda na buti yako. Usipime kwa macho. Rekebisha urefu wa ule mwamba wa katikati, ingiza buti bila kufunga mikanda, nyanyua, tikisa. Ikibaki imeshika yenyewe, hiyo ni yako. Ikidondoka, mshukuru muuzaji uondoke.

Kama ni mtumba, pitisha kidole kila kona ya chuma kutafuta nyufa, vuta mikanda, angalia plastiki kama imekauka. Hakikisha vile vipande vya kuzuia theluji vipo. Meno butu unaweza kuyanoa taratibu kwa tupa, lakini chuma chenye ufa hakina dawa.

Jifunze kuvaa nyumbani, ukiwa na glovu mikononi. Vifungio vikae upande wa nje wa mguu, na mkanda uliozidi uuchomeke usije ukaukanyaga. Tembea miguu ikiwa mbalimbali kidogo, ukanyage kwa meno yote ya chini, na suruali pana acha nyumbani. Na ukiwa na kramponi mguuni usijaribu kuserereka kwenye theluji kwa raha zako. Jino likinasa, mguu unavunjika.

Mteremko ukiwa mkali, kramponi peke yake hazitoshi. Unahitaji shoka la barafu na mtu wa kukufundisha kulitumia.

Na la mwisho, ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha vifaa. Ukiona ufa, sema. Usimpe mwenzako unachokiogopa kukivaa mwenyewe.

Zile kramponi zangu bado ninazo. Sijaziuza, maana nimeshaanza kudunduliza pesa za buti yenye mfereji nyuma, B2. Dogo anasema mwaka huu yeye ndiye atakagua vifaa. Nimekubali.

Wiki ijayo nitawaletea kisa cha mshikaji aliyekodi suti ya harusi yenye jina la mtu mwingine kwenye mfuko wa ndani. Msikose. Mpaka hapo, kaeni salama.